Mradi wa programu uliokwama: namna ya kuunasua na kurudisha imani ya wadau

Mradi wa programu haufi kwa siku moja. Tarehe inasogezwa wiki mbili, kisha mwezi, kisha ripoti inaandika "asilimia 90 imekamilika" kwa miezi mitatu mfululizo. Wadau wanaacha kuuliza maswali vikaoni kwa sababu majibu wanayajua tayari. Mdau anayefoka bado ana matumaini. Aliyenyamaza ameshaanza kutafuta namna ya kufanya kazi yake bila mfumo wako.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyekabidhiwa mradi wa aina hiyo, awe ameukuta umeharibika au ni wake tangu mwanzo. Unachukua takriban siku 90. Imani iliyopotea hairudi kwa mpango mpya uliochorwa vizuri, maana wadau walishaonyeshwa mipango mizuri. Inarudi unapoahidi jambo dogo, ukalitimiza siku uliyoisema, kisha ukaahidi jingine. Hatua zote zinazofuata zipo ili timu iweze kufanya hivyo bila kudanganya.

Saa 72 za kwanza: mamlaka na kusimamisha maombi mapya

Kabla hujagusa chochote, pata mamlaka kwa maandishi kutoka kwa mdhamini wa mradi, yaani yule anayeshika fedha na mwenye neno la mwisho. Barua pepe ya mistari mitano inatosha, mradi itaje mambo matatu: unaweza kusimamisha kazi yoyote inayoendelea, unaweza kukataa ombi jipya hata likitoka kwa mkubwa, na unaweza kumfikia mdhamini moja kwa moja bila kupitia ngazi. Ukikosa hata moja kati ya hayo, utakuwa msemaji wa mradi tu, na lawama zitakuwa zako.

Siku hiyohiyo sitisha maombi mapya. Marekebisho ya hitilafu yanayowaumiza watumiaji sasa hivi yanaendelea. Kipengele kipya hakiingii hadi tathmini iishe, hata kile ambacho mtu anasema ni cha nusu siku. Tangaza mwisho wa usitishaji, siku 14 kwa kawaida, kwa sababu katazo lisilo na mwisho watu hulizunguka kimyakimya.

Kishawishi kikubwa cha siku hizi tatu ni kuongeza watu. Usikubali, hata kama bajeti imeshatolewa. Fred Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa mfumo wa OS/360 pale IBM, aliandika mwaka 1975 kwamba kuongeza watu kwenye mradi wa programu uliochelewa huuchelewesha zaidi. Hesabu yake ni nyepesi. Watu 5 wana njia 10 za kuwasiliana wawiliwawili. Watu 10 wana njia 45. Zaidi ya hapo, kila mgeni anamhitaji mwenyeji wa kumfundisha, na mwenyeji huyo ni yuleyule aliyekuwa akisukuma kazi mbele. Mtu wa kuongeza sasa ni mmoja tu, tena pale ambapo kuna pengo linalojulikana, kama vile timu nzima kukosa anayeielewa hifadhidata.

Wiki mbili za kupima

Zungumza na kila mwanatimu peke yake, dakika 45, bila bosi wake. Maswali manne yanatosha. Ni sehemu gani ya mfumo unaogopa kuigusa? Kazi yako ya mwisho ilisubiri nini, na kwa muda gani? Ni jambo gani kila mtu analijua lakini halisemwi kikaoni? Ungekuwa na mamlaka, ungefuta nini kesho? Majibu ya swali la tatu yakifanana kwa watu watatu, hapo ndipo penye ugonjwa.

Maneno peke yake hayatoshi, kwa hiyo pima pia kwa mkono wako:

- Chukua kompyuta isiyo na kitu na umwombe msanidi mmoja, yaani mwandishi wa programu, aufanye mfumo uwake kutoka mwanzo. Ikichukua zaidi ya siku moja, maarifa ya mradi yamo vichwani mwa watu wachache.
- Chukua kazi 20 za mwisho zilizokamilika. Hesabu siku tangu kila moja ilipoanzwa hadi mtumiaji alipoiona. Usihesabu hadi msanidi aliposema amemaliza.
- Hesabu hitilafu zilizoripotiwa na zilizofungwa kwa kila wiki, wiki 8 zilizopita.
- Rejesha nakala ya akiba ya hifadhidata kwenye seva ya majaribio. Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa usiihesabu kuwa ipo.
- Andika majina ya watu ambao wakiugua wiki moja, kazi inasimama.

Kipimo kimoja zaidi kinafichua mengi: idadi ya kazi zilizoanzwa na hazijaisha. Wastani wa muda wa kazi moja ni idadi ya kazi zilizo wazi kugawanya kwa zinazokamilika kila wiki. Timu yenye kazi 36 wazi na inayomaliza 4 kwa wiki inachukua wiki 9 kumaliza kazi moja, hata kama kila mtu anakesha. Ikishusha kazi wazi hadi 8 na kasi ikabaki ileile, kila kazi inaisha kwa wiki 2. Hakuna aliyeongezewa mshahara wala saa, ila mdau sasa anaona kitu kila baada ya siku chache. Miradi mingi iliyokwama inapata nafuu ya kwanza hapa, na tunashangaa ni wangapi wanaoruka hatua hii wakakimbilia kununua programu mpya ya kupangia kazi.

Mwisho wa wiki ya pili unapaswa kujua ugonjwa ni upi hasa, kwa sababu dawa zinatofautiana. Kama kazi zinakaa zikisubiri majibu ya wadau, shida ni maamuzi, na kuboresha msimbo, yaani maandishi ya programu yenyewe, hakutasaidia. Kama hitilafu mpya ni nyingi kuliko zinazofungwa, shida ni ya kiufundi, na kukata vipengele peke yake hakutaizuia. Kama orodha ya kazi inakua kuliko kasi ya timu, shida ni mawanda ya mradi, yaani ukubwa wa kile kinachotakiwa kutengenezwa. Mara nyingi utakuta mbili kwa pamoja, lakini moja ndiyo inayoizaa nyingine; anza na mzazi.

Kikao cha ukweli

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Hiki ndicho kikao kigumu kuliko vyote, na watu wengi hukiharibu kwa kuwahi kutoa tarehe mpya.

Siku mbili kabla, mwone mdhamini peke yake, kisha mdau mwenye malalamiko makali kuliko wote. Waonyeshe ukurasa uleule utakaowaonyesha wengine. Mtu akisikia habari mbaya mbele ya wenzake kwa mara ya kwanza, hujitetea. Akiwa ameshaisikia, huja kusaidia.

Andika ukurasa mmoja tu. Juu kabisa weka kinachofanya kazi leo, kwa maana ya kile mtumiaji anachoweza kukifanya mwanzo hadi mwisho bila msaada. Chini yake weka kisichofanya kazi, kwa namba ulizopima. Kisha sababu, zisizidi tatu, zikitaja mambo na si watu. Mwisho weka utakachofanya katika wiki mbili zijazo na tarehe ya kurudi na makadirio. Sema waziwazi: "Tarehe ya Juni haiwezekani. Sina tarehe mpya leo, kwa sababu yoyote nitakayotaja itakuwa ya kubahatisha. Nitarudi Alhamisi ya wiki ya nne na makadirio yaliyotokana na kasi halisi ya timu." Wadau watakasirika. Waache wamalize, usimkatize mtu, na usimlaumu aliyekuwepo kabla yako hata akitajwa na wao wenyewe. Ukimtupia lawama, kila aliyemo chumbani anajua kwamba zamu yake itafika.

Jambo la kuomba kwenye kikao hiki ni moja: mtu mmoja mwenye mamlaka ya kuamua kuhusu bidhaa, anayejibu maswali ndani ya siku 2 za kazi. Si kamati. Asipojibu ndani ya siku hizo, timu inaendelea na pendekezo lake na kuliandika kwenye daftari la maamuzi.

Kuendelea, kukata au kusimamisha

Si kila mradi unastahili kuokolewa, na kusema hivyo ni sehemu ya kazi yako. Mwaka 2005 shirika la upelelezi la FBI nchini Marekani liliachana na mfumo wake wa majalada ya kesi baada ya kutumia takriban dola milioni 170. Mradi uliofuata, Sentinel, nao ulikwama mikononi mwa mkandarasi wa nje. Mwaka 2010 FBI iliuchukua ndani, ikapunguza idadi ya watu badala ya kuiongeza, ikaanza kufanya kazi kwa mizunguko ya wiki mbili, na mfumo ukaanza kutumika Julai 2012.

Mweleze mdhamini njia tatu, kila moja na gharama yake: kuendelea na mawanda yaleyale kwa muda mrefu zaidi, kukata mawanda, au kusimamisha na kuhifadhi kinachofaa. Kwa maoni yetu njia ya pili ndiyo sahihi mara nyingi, lakini ya tatu lazima iwepo mezani kwa namba za kweli, la sivyo uamuzi si uamuzi.

Njia ya nne itapendekezwa na wasanidi wenyewe: kuutupa msimbo wote na kuandika upya. Ipinge. Netscape, kampuni ya kivinjari cha intaneti, iliamua hivyo mwaka 1998. Toleo lililofuata, Netscape 6, lilitoka Novemba 2000, na toleo la 5 halikuwahi kutoka. Katika muda huo Microsoft ilichukua soko. Msimbo mbaya unaotumika umebeba miaka ya marekebisho ambayo hakuna aliyeyaandika popote. Badilisha kipande kimoja kimoja, huku mfumo ukiendelea kufanya kazi.

Kukata mawanda bila kugombana

Ukiwauliza wadau kipi ni cha lazima, watajibu vyote. Uliza hivi badala yake: "Kipengele hiki kikikosekana siku ya uzinduzi, kazi itafanyikaje kwa siku 60?" Kama kuna jibu, hata liwe la kuchosha kama kujaza jedwali kwa mkono, kipengele hicho kinasubiri. Kama jibu ni kwamba kazi inasimama au sheria inavunjwa, kinabaki.

Kisha chagua njia moja ya mtumiaji kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kwa mfumo wa maombi ya mikopo, njia hiyo ni: mteja mmoja, aina moja ya mkopo, anaomba, anakubaliwa, fedha zinaingia, anapata risiti. Aina nyingine nne za mikopo, ripoti za mkurugenzi na kuingia kwa alama ya kidole vinakuja baadaye. Njia nyembamba iliyokamilika ina thamani kuliko skrini kumi na mbili zilizofika nusu, kwa sababu inatumika kweli na inafichua matatizo ya kuunganisha mifumo mapema.

Zilizobaki zipange kwa namba, moja hadi ya mwisho, bila vitu viwili kushika nafasi moja. Makundi ya "muhimu sana" na "muhimu" hujaa upande mmoja. Namba zinalazimisha mazungumzo, na mazungumzo hayo ni ya wadau wenyewe kwa wenyewe; wewe kaa pembeni ukiandika.

Makadirio yanayosimama

Kufikia wiki ya nne utakuwa na namba za kutosha. Tuseme kazi zimebaki 48, zote za ukubwa wa siku 1 hadi 3 (kubwa zaidi ya hapo zivunjwe kwanza), na wiki sita zilizopita timu ilimaliza 3, 5, 4, 2, 5 na 5. Wastani ni 4 kwa wiki, na wengi wangetangaza wiki 12. Hapo ndipo makosa yanapoanza. Angalia pia ni kazi ngapi mpya zinagunduliwa kila wiki; kama ni 1, kasi halisi ya kuelekea mwisho ni 3, na wiki zinakuwa 16. Wiki tatu mbaya zaidi zilitoa wastani wa 3. Ukitoa ile 1 inayogunduliwa zinabaki 2, yaani wiki 24.

Toa masafa yote: "Kati ya wiki 12 na 24, na yenye uwezekano mkubwa ni karibu 16." Mdhamini akisema 16 ni nyingi, usishushe namba. Fungua orodha muulizane kazi zipi 12 zitoke. Rudia hesabu kila baada ya wiki mbili mbele ya wadau. Masafa yakizidi kupungua, wanaona kwa macho yao kwamba mradi umeanza kutabirika.

Mdundo wa wiki mbili

Kila wiki ya pili, siku ileile na saa ileile, onyesha mfumo unaofanya kazi kwenye seva ya majaribio, na kinanda kikiwa mikononi mwa mtumiaji halisi. Slaidi zisiwepo. Dakika 30 zinatosha. Kikivunjika mbele ya watu, andika hitilafu hapohapo na uendelee. Wadau husamehe kilichovunjika wazi kuliko kilichofichwa.

Kazi "imekwisha" pale tu ambapo mwenzako ameupitia msimbo, majaribio ya kiotomatiki yamepita, na mwenye uamuzi wa bidhaa ameiona ikifanya kazi. Chini ya hapo ni sifuri. Asilimia zifutwe kabisa kwenye ripoti, maana ndizo zilizowafikisha hapa.

Tunza daftari la ahadi lenye safu nne: ahadi, tarehe, imetimia au la, na sababu. Liwe wazi kwa wadau wote. Mwanzoni ahidi mambo matatu madogo kwa wiki mbili, ambayo timu ina uhakika nayo. Timu iliyozoea kuahidi kumi na kutimiza manne itaona aibu kuahidi matatu; ishikilie hapo. Ahadi ni deni, na kwa sasa mradi hauna mkopo zaidi.

Kuponya msimbo huku kazi ikiendelea

Tenga siku moja kati ya nne kwa ajili ya deni la kiufundi, yaani kurekebisha msimbo ulioandikwa kwa haraka au vibaya, na usiifiche ndani ya kazi nyingine. Iandike kwenye mpango. Utaratibu tunaoupendekeza ni huu. Kwanza, kila badiliko lijengwe na kujaribiwa na mashine yenyewe ndani ya dakika 15. Ikizidi hapo watu huacha kusubiri na kuanza kuruka majaribio. Pili, andika majaribio ya njia ile moja ya mtumiaji kutoka mwanzo hadi mwisho. Majaribio 10 hadi 15 yanayogusa njia hiyo yana faida kuliko mamia yanayokagua vitu visivyovunjika. Tatu, hakikisha toleo la awali linarudishwa kwa amri moja, na fanya zoezi la kulirudisha mchana kabla hujalihitaji usiku. Nne, zindua mara nyingi kwa vipande vidogo, kwa sababu toleo la mabadiliko 3 likiharibika unajua pa kutafuta, na la mabadiliko 90 hujui.

Hitilafu za zamani zilizozidi miezi sita bila kuguswa zifunge zote, kwa tangazo. Zilizo za kweli zitaripotiwa tena.

Kuzungumza na wadau kila wiki

Kila mdau alipoteza kitu tofauti. Mtu wa fedha alipoteza uwezo wa kupanga bajeti, mtumiaji alipoteza saa zake, na mhudumu wa wateja alipoteza heshima mbele ya wateja. Ripoti moja ya jumla haimrudishii yeyote kati yao. Wapigie simu wadau watano wakuu mara moja kwa wiki, dakika 10 kila mmoja, ukianza na kile alichopoteza yeye.

Ripoti ya maandishi itoke kila Ijumaa na isizidi mistari 12: tulichoahidi, kilichotimia, kisichotimia na sababu, ahadi za wiki mbili zijazo, hatari kubwa moja, na uamuzi tunaousubiri pamoja na jina la anayesubiriwa kuutoa. Habari mbaya haingoji Ijumaa. Ukijua ahadi haitatimia, mjulishe mdau ndani ya saa 24, kabla tarehe haijafika.

Namba za wazi ndizo zilizorudisha heshima ya HealthCare.gov, tovuti ya bima ya afya ya Marekani iliyozinduliwa tarehe 1 Oktoba 2013 na kuandikisha watu sita tu siku ya kwanza. Waokoaji waliweka vipimo mahali pa kuonekana na wote, wakataja lengo la mwisho wa Novemba, na tarehe 1 Desemba wakachapisha matokeo: marekebisho zaidi ya 400, makosa chini ya asilimia 1, uwezo wa kuhimili watumiaji 50,000 kwa wakati mmoja. Kanuni za chumba chao cha kazi zinafaa popote. Kikao ni cha kutatua tatizo na si kutafuta mkosaji. Anazungumza anayelijua jambo, si mwenye cheo. Na kinachojadiliwa ni kile kitakachoumiza ndani ya siku moja au mbili zijazo.

Mahali ambapo uokoaji huvunjika

Hatari huja wiki ya sita au ya saba, mambo yanapoanza kupendeza. Mdau aliyekuwa kimya anarudi na ombi dogo, analipeleka moja kwa moja kwa msanidi anayefahamiana naye, na msanidi anakubali kwa heshima. Usimgombeze msanidi. Mpe jibu la kutumia: "Nimelipokea, nitalipeleka kwenye orodha, na utajibiwa Jumatatu." Kisha lijibu kweli Jumatatu.

Kukesha ni hatari ya pili. Wiki moja ya saa za ziada inaweza kuokoa tarehe. Ya tatu inazalisha hitilafu ambazo kuzirekebisha kunakula muda zaidi ya ule uliookolewa. Weka kikomo cha wiki moja, ikifuatiwa na mapumziko yaliyopangwa. Hatari ya tatu ni shujaa, yule mtu mmoja anayezima kila moto. Mwoanishe na mwenzake kwenye kila kazi ya sehemu anayoijua peke yake, na kazi yake isihesabiwe kuwa imekwisha hadi mwenzake aweze kuifanya bila yeye.

Hata baada ya zile siku 14 za usitishaji kuisha, mlango wa maombi mapya ufunguliwe kidogokidogo: ruhusu kipengele kipya kimoja kwa kila mzunguko baada ya mizunguko mitatu mfululizo ya ahadi zote kutimia, na hitilafu zinazofungwa zikiwa nyingi kuliko zinazofunguliwa kwa wiki nne. Mzunguko mmoja ukikosa, hesabu inaanza upya. Utajua imani imerudi mdau atakapoacha kuuliza "lini?" na kuanza kuuliza "tufanye kipi kwanza?" Swali hilo likija, mpe orodha yenye namba na umwachie kalamu.